Maikrofoni, Mvumo na Waya wa Ardhi

Mtu asimamapo jukwaani akasema, watu wote humtazama yeye. Hapana autazamaye ule waya mweusi utambaao miguuni pake. Ndiyo desturi ya binadamu kuiheshimu sauti na kuisahau njia yake. Lakini njia hiyo ina historia ndefu, yenye akili nyingi ndani yake na makosa kadha wa kadha, na baadhi ya makosa hayo yameua watu. Nakusudia, msomaji, kukuonyesha jinsi sauti ya mtu mmoja ilivyopata kugawiwa mara mbili na mara tatu bila ya kuharibika, na jinsi ardhi hii tuikanyagayo ilivyoingizwa katika kazi hiyo: kwanza kama waya wa bure, kisha kama chanzo cha kelele, na baadaye kama mlinzi wa uhai.

Tuanze karibu na nyumbani. Kianjokoma ni soko lililo juu ya mji wa Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, mahali ambapo mashamba ya chai hukaribia msitu wa mlima. Ardhi yake ni udongo mwekundu wenye kina, nao hushika maji vizuri mvua zinyeshapo. Weka udongo huo akilini, kwa maana tutarudi kwake. Sasa fikiri siku ya mkutano mkubwa mahali hapo, wa kanisa au wa shule au wa harambee. Jukwaani pana maikrofoni moja. Fundi wa kwanza aitaka sauti hiyo aipeleke katika vipaza sauti ili umati usikie. Wa pili ni mtu wa redio, ataka kuirekodi kwa ajili ya kuitangaza. Wa tatu anapiga picha za video, naye haridhiki na sauti ya mbali iliyochanganyika na upepo na vilio vya watoto. Kila mmoja ana meza yake ya kuchanganyia sauti, na kila meza imepata umeme mahali pake: moja kanisani, moja katika duka lililo ng'ambo ya barabara, na moja katika jenereta nyuma ya jukwaa. Sauti ni moja, meza ni tatu, na umeme watoka mahali patatu. Hapo ndipo fundi ajulikanapo kama ni fundi.

Ili uielewe shida yake yafaa turudi nyuma karibu miaka mia mbili. Simu za kwanza, zile za kupeleka habari kwa alama, zilihitaji nyaya mbili: mmoja wa kupeleka umeme na wa pili wa kuurudisha, kwa maana umeme haufanyi kazi mpaka umepata njia ya kuzunguka na kurudi ulikotoka. Mwaka 1838 Mjerumani Carl August von Steinheil alionyesha kwamba waya wa pili waweza kuachwa. Lifukie bamba la madini ardhini kila upande, na umeme utarudi kwa kupitia udongo. Hebu ipime faida yake, msomaji: nusu ya waya wote iliokolewa. Wenye simu walifurahi mno, na kwa miaka mingi waya ulipita juu ya nguzo peke yake, na ardhi ikafanya kazi ya mwenzake bila ya malipo.

Malipo yalikuja baadaye. Alexander Graham Bell alipopata hati ya simu ya kusemea mwaka 1876, watu waliendelea na desturi ile ile ya waya mmoja na ardhi. Simu ya alama yaweza kuvumilia kelele kidogo, ama sauti ya mtu haivumilii. Miji ya Ulaya na Marekani ilipoanza kuweka taa za umeme na tramu za umeme, umeme wa vitu hivyo nao ulipita ardhini, ukaingia katika simu, na watu wakasikia miungurumo badala ya maneno ya jamaa zao. Ardhi ilikuwa njia ya kila mtu, na njia ya kila mtu haikosi zogo. Ikalazimu kurudia nyaya mbili. Mwaka 1881 Bell mwenyewe alipata hati ya kuzisokota nyaya hizo mbili pamoja kama kamba, na akili yake ni hii: kelele itokayo nje huzigusa nyaya zote mbili sawasawa, ilhali sauti huenda kwa waya mmoja na kurudi kwa wa pili. Chombo cha mwisho kikipima tofauti tu baina ya nyaya hizo, kelele iliyo sawa katika zote mbili hujifuta yenyewe, na sauti hubaki. Ukilielewa jambo hili moja, umeielewa nusu ya kazi ya maikrofoni hadi leo.

Mafundi wa simu hawakuishia hapo, kwa maana shaba ilikuwa ghali. Katika miaka ya 1880 walitambua kwamba, maadamu chombo cha mwisho hakijali kitu kilicho sawa katika nyaya zote mbili, basi kitu kingine chaweza kupitishwa kwa siri juu ya nyaya hizo hizo, na watu wanaozungumza wasijue. Ukiwa na jozi mbili za nyaya waweza kupata mazungumzo ya tatu ambayo hayana waya wake mwenyewe. Njia hiyo ya tatu iliitwa fantomu, neno lenye maana ya mzuka, kwa kuwa ipo wala haionekani. Jina hilo lilikaa katika simu kwa miaka themanini hivi, likingoja kazi nyingine.

Utangazaji wa redio ulianza Nairobi mwaka 1928, kwa ajili ya walowezi na kwa lugha yao. Mwaka ule ule, mjini Berlin, Georg Neumann alianza kuuza maikrofoni ya kapasita, ambayo asili yake ilibuniwa na E. C. Wente huko Marekani mwaka 1916. Maikrofoni hii ina utando mwembamba sana uliokaa mbele ya bamba la madini. Sauti ikiutikisa utando, umeme uliowekwa baina ya viwili hivyo hubadilika. Hunasa sauti kwa usafi wa ajabu, lakini haiwezi kufanya kazi yenyewe. Yahitaji umeme wa kuutia nguvu utando na wa kuendesha valvu iliyo ndani yake. Kwa sababu hiyo kila maikrofoni ya namna hiyo ilifuatana na sanduku lake zito la umeme, na kebo nene yenye nyaya nyingi. Kuchukua sita kwenda nazo uwanjani kulitaka wapagazi.

Ndiyo maana mikutano ya uwanjani ilitumia zaidi maikrofoni za namna nyingine, kama zile zenye koili ya waya inayotikisika mbele ya sumaku, ambazo hazihitaji umeme wowote. Tazama picha za viongozi wetu katika miaka ya kupigania na kupata uhuru. Mara nyingi utamwona kiongozi amesimama nyuma ya kichaka cha maikrofoni, kila moja na waya wake. Wako wadhanio kwamba wingi huo ulikuwa wa fahari. La, kila shirika lilileta yake kwa sababu ilikuwa rahisi kuongeza maikrofoni kuliko kuigawa iliyopo. Na mashirika yalikuwa yakiongezeka: Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, Uganda ikafuata mwaka 1954, Shirika la Utangazaji la Kenya likaundwa mwaka 1961 na kugeuzwa Sauti ya Kenya mwaka 1964. Magari ya serikali yenye vipaza sauti, yaliyopanda vijijini katika miaka hiyo, hayakuwa na taabu hii. Umeme wao ulitoka katika gari lenyewe, na chombo kilicho peke yake hakina wa kugombana naye. Mvumo huanza vyombo viwili vinapokutana.

Mwaka 1966 ni mwaka mkubwa katika habari hizi. Valvu ilikuwa imeanza kuondolewa na transista, ambayo ni ndogo na hutosheka na umeme kidogo sana. Shirika la utangazaji la Norway, NRK, lilitaka maikrofoni mpya za Neumann, kwa sharti kwamba umeme wake upite katika nyaya zile zile za sauti, pasiwe na sanduku wala kebo nene. Lakini volti ngapi? Norway iko kaskazini sana, na wakati wa baridi mwanga wa mchana ni haba; kwa hiyo studio za NRK zilikuwa na taa za akiba, na taa hizo zilipata umeme wa volti 48 kutoka mtambo mmoja wa kati. Umeme huo ulikuwapo tayari, basi ukatumiwa. Maikrofoni iliyotokea iliitwa KM 84, na namba 48 ikaenea duniani kote hata ikaingizwa katika kanuni za kimataifa. Sisi wa Embu tunaishi karibu nusu digrii kusini ya ikweta, na mchana wetu haujui kufupika. Hata hivyo kila meza ya sauti iletwayo Kianjokoma ikiwa na kitufe cha 48, kitufe hicho chakumbuka giza la Norway. Historia ya ufundi imejaa mambo ya namna hii, nami huyapenda kuliko orodha za mabingwa.

Namna ya kuupitisha umeme huo ilikuwa ile ile fantomu ya mafundi wa simu, na mpaka sasa huitwa umeme wa fantomu. Plagi ya maikrofoni ina pini tatu. Pini ya pili na ya tatu hubeba sauti, moja ikisukuma wakati nyingine ikivuta. Pini ya kwanza imeungwa na wavu wa shaba unaozizunguka nyaya hizo mbili kama ala izungukavyo kisu, ili kuzikinga na kelele. Meza ya sauti huweka volti 48 katika pini ya pili na ya tatu kwa kadiri iliyo sawa kabisa, kwa kupitia rezista mbili za omu 6,800 kila moja, na umeme hurudi mezani kwa njia ya wavu. Kwa kuwa nyaya zote mbili zina volti sawa, hapana tofauti baina yake, na meza haisikii kitu. Maikrofoni ya koili nayo haidhuriki, kwa maana umeme haupiti baina ya ncha mbili zilizo sawa, madhali kebo ni nzima. Angalia basi kwamba wavu sasa una kazi mbili. Zamani ulikuwa ngao tu. Tangu 1966 umekuwa ngao na pia njia ya kurudishia umeme. Fundi asahauye kazi hii ya pili hujitafutia aibu mbele ya watu.

Sasa turudi kwa mafundi wetu watatu. Njia nyepesi ni kuigawa kebo matawi, pini ya kwanza kwa ya kwanza, ya pili kwa ya pili, ya tatu kwa ya tatu. Sauti itafika katika meza zote. Lakini meza hizo sasa zimefungwa pamoja kwa shaba, na humo huzaliwa shida mbili. Ya kwanza ni ndogo: kila meza huipunguza sauti kidogo, na kama meza mbili zimewasha volti 48 kwa pamoja, umeme wa mabwana wawili umekutana katika waya mmoja. Ya pili ndiyo mvumo.

Kila meza imeungwa na ardhi kwa waya wa tatu wa plagi yake ya umeme, na ardhi ya kanisani si ardhi ya dukani. Twaziita zote mbili ardhi, lakini baina ya chuma kilichopigiliwa hapa na kilichopigiliwa mita mia kutoka hapa yaweza kuwapo tofauti ya nusu volti au zaidi, kwa sababu umeme uvujao katika mashine na friji za majirani hupita humo. Wavu wa kebo ukiziunga meza hizo mbili, umeme huo hupata barabara mpya. Piga hesabu: nusu volti katika wavu wenye ukinzani wa nusu omu huleta mkondo wa ampea moja. Sauti ya msemaji katika maikrofoni ya koili ni sehemu chache tu za elfu ya volti. Ndovu amepewa kichochoro cha sungura. Umeme wa Kenya huenda na kurudi mara 50 kila sekunde, na vipaza sauti huutoa kama mvumo mzito wa mzinga wa nyuki uliogongwa kwa fimbo.

Dawa yake msingi wake ulipatikana mwaka 1831, Michael Faraday alipogundua kwamba koili mbili zisizogusana zaweza kupashana umeme kwa njia ya sumaku peke yake, mradi umeme huo uwe unabadilika. Hiyo ndiyo asili ya transfoma. Sauti hubadilika daima, kwa hiyo hupita. Umeme uliotulia haupiti. Na kwa kuwa hapana waya unaoziunga koili mbili, mkondo wa ardhi hupata mto usio na daraja. Mafundi wakatengeneza sanduku la kugawia: maikrofoni huingia upande mmoja, upande wa pili pana tundu moja lililoungwa nayo moja kwa moja, na matundu mengine yaliyopita katika transfoma. Kila tundu la transfoma lina swichi ndogo ya kuitenga pini ya kwanza, yaani kuukata wavu usifike katika meza ile. Sanduku jema ni ghali kwa sababu ya transfoma zake. Rahisi hula sauti nene na kuacha nyembamba.

Sikiliza hapa kwa makini, kwa maana ndipo wengi hupotea. Volti 48 ni umeme uliotulia, wala haivuki transfoma. Kwa hiyo maikrofoni ya kapasita itapata umeme wake kutoka meza moja tu, ile iliyoungwa nayo moja kwa moja, isipokuwa sanduku lenyewe liwe na umeme wake wa fantomu. Meza hiyo ikizimwa, sauti hufa kwa wote watatu. Basi achaguliwe fundi ambaye hatafunga vyombo vyake mapema, na aghalabu huwa ni yule wa vipaza sauti. Tena, katika tundu hilo la moja kwa moja wavu usikatwe kamwe, kwani ndio njia ya kurudia umeme. Uukate, nayo maikrofoni ya kapasita itanyamaza, au itakoroma ikitafuta njia nyingine. Wavu hukatwa katika matundu ya transfoma, ambako haurudishi umeme wa mtu yeyote. Fundi aliyezoea maikrofoni ya koili aweza kuishi miaka mingi bila kulijua jambo hili, kwa maana koili haidai umeme. Ipo maikrofoni moja maarufu ya namna hiyo, SM58 ya kampuni ya Shure, iliyotolewa Marekani mwaka ule ule wa 1966, na ugumu wake umewalea mafundi wengi katika starehe. Siku kwaya inapoleta maikrofoni ya kapasita, starehe hiyo huisha.

Yafaa pia useme ukweli kwamba ardhi imelaumiwa kwa dhambi zisizo zake. Mwaka 1995 mhandisi Neil Muncy alichapisha maelezo juu ya kosa lililokuwa ndani ya vyombo vyenyewe. Watengenezaji wengi, katika kufanya haraka, walikuwa wameiunga pini ya kwanza na ubao wa mitambo ya ndani badala ya kuiunga na gamba la chuma la chombo. Mkondo wa wavu, ambao ungalipita nje ya gamba kwa amani, ukaletwa katikati ya sauti. Nyumba ilikuwa imetoboa mfereji wa maji ya mvua upite sebuleni, kisha ikailaumu mvua. Mwaka 2005 Jumuiya ya Wahandisi wa Sauti ilitoa kanuni ya kulisahihisha jambo hilo.

Sasa nafika kwenye jambo linifanyalo niandike. Mkutano unakaribia kuanza, mgeni wa heshima ameonekana barabarani, mvumo unanguruma, na fundi hana sanduku. Aifungua plagi ya umeme ya meza yake, auchomoa waya wa ardhi, aifunga tena. Mvumo unakoma papo hapo. Watu wanamsifu. Wala si uongo kwamba mvumo umekoma, kwani mzunguko wa ardhi umekatika. Lakini tazama alichokifanya.

Plagi zetu za pini tatu za mraba zatokana na kanuni ya Kiingereza ya mwaka 1947, na pini ndefu ya juu haipo kwa ajili ya sauti. Ipo kwa ajili ya siku ambayo waya wenye umeme umechubuka ndani ya chombo na kuligusa gamba la chuma. Siku hiyo mkondo mkubwa hukimbilia waya wa ardhi, na fyuzi au swichi ya ulinzi huukata umeme. Waya huo ukiwa umechomolewa, gamba la meza hukaa na volti 240 kimya kimya, bila cheche wala harufu. Kutoka gamba umeme huingia katika pini ya kwanza, kutoka pini ya kwanza katika wavu, na kutoka wavu hufika katika chuma cha maikrofoni. Msemaji aliyesimama juu ya nyasi zenye umande akiishika, mwili wake ndio huwa waya wa ardhi.

Si hadithi ya kutishia watoto. Tarehe 3 Mei 1972, mjini Swansea huko Wales, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alishika maikrofoni jukwaani wakati vyombo havikuungwa na ardhi ipasavyo, akafa akiwa na miaka 27. Mpiga gitaa yumo hatarini zaidi, kwa sababu mkono mmoja umeshika nyuzi za chuma zilizoungana na chombo kimoja, na wa pili hushika maikrofoni iliyoungana na chombo kingine. Tarehe 30 Oktoba 2005, mjini Waco katika jimbo la Texas, mchungaji aliyesimama ndani ya maji ya ubatizo alinyosha mkono kuisogeza maikrofoni. Umeme ukampiga, akafa mbele ya waumini wake. Yako makanisa mengi Embu yabatizayo kwa maji mengi na kuhubiri kwa maikrofoni, nami naomba wazee wayo wapate kulisikia jambo hili.

Kumbuka kwamba umeme wa fantomu hauna lawama katika vifo hivi. Volti 48 zikipita katika rezista zile mbili kwa pamoja haziwezi kutoa zaidi ya sehemu 14 za elfu ya ampea. Mwuaji ni umeme wa ukutani.

Wako wajiteteao kwamba wamepigilia chuma ardhini kando ya jukwaa, na hicho chatosha. Hapa ndipo nilipokuambia uuweke akilini ule udongo. Udongo mwekundu wa Kianjokoma ukilowa ni mwema kwa kazi hii. Teremka hadi Mbeere, kwenye mchanga mkavu, na chuma hicho hicho chaweza kuwa na ukinzani mkubwa mara nyingi. Lakini hata tukiukadiria udongo wa Kianjokoma kwa wema, tuseme omu 20, volti 240 zitasukuma ampea 12 tu, na fyuzi ya ampea 13 haikatiki. Gamba litabaki na umeme na fyuzi itabaki nzima. Kwa hiyo hutakiwa swichi ya kukata umeme unaovuja, ambayo hulinganisha umeme utokao na umeme urudio, na ikiona upungufu wa sehemu 30 za elfu ya ampea hukata mara moja. Swichi hiyo haiulizi udongo ni wa namna gani, nayo yafaa iwe mwanzoni mwa kila waya upelekwao jukwaani, wa kanisani na wa jenereta pia.

Na fundi asiye na sanduku afanyeje? Ajaribu kwanza kuziweka meza zote tatu katika umeme wa mahali pamoja, kwa waya mrefu ikibidi, ili ardhi yao iwe moja; mara nyingi mvumo hupungua kabisa. Mtu wa redio na mpiga picha watumie betri, wawe kama yale magari ya zamani ya vipaza sauti, kwa maana chombo cha betri hakina ardhi ya pili ya kugombana na ya kwanza. Na kama mvumo ungalipo, basi mkutano na uendelee na mvumo wake.

Katika mikutano mikubwa ya siku hizi sauti hugeuzwa namba karibu na jukwaa, na namba hizo hupelekwa katika meza zote kwa nyuzi za kioo. Kioo hakipitishi umeme, kwa hiyo meza zaweza kuwa kumi, kila moja na ardhi yake, na zisisikiane. Lakini kutoka katika maikrofoni hadi katika sanduku la kuzigeuza namba, mita chache za mwanzo, bado pana kebo ya pini tatu: nyaya mbili zilizosokotwa kama alivyozisokota Bell, volti 48 za taa za Norway juu yake, na wavu wa shaba ukizizunguka.